Kabla ya Kuinua Gari, Pima Propela

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Neno hilo aghalabu hunenwa juu ya binadamu, walakini lafaa vilevile juu ya gari. Gari lenye ugonjwa huanza kwa kunong'ona, kisha hulalamika, na mwishowe hulia. Na siku ya kulia kwake halichagui mahali.

La kwetu lililia juu ya kilima, huko Karamoja, wakati wa mvua. Lilikuwa Land Rover refu la inchi 109, aina ya Series III, yaani miongoni mwa yale yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Umri wake ulikuwa mkubwa kuliko wa dereva wake, na kuliko wangu mimi. Mwezi mmoja kabla ya safari hiyo lilikuwa limeinuliwa kwa sentimita 10, kwa kuongezewa mabamba ya springi na kurefushiwa vibanio vinavyoning'iniza ncha za springi hizo, ili livae magurudumu makubwa na kulishinda lile tope jeusi ambalo kila askari aliyepata kutumikia kaskazini analijua. Kila aliyeliona alilisifu. Lilisimama wima kama ngamia, na madereva wengine walilitazama kwa wivu.

Wiki ya pili likaanza kutetemeka kila lilipofikia mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Dereva akatoa taarifa. Akajibiwa kwamba ni magurudumu mapya, yatazoea. Wiki ya tatu ukasikika mlio wa chuma kila alipobadili gia. Hapo hakuna aliyetoa taarifa tena.

Siku ile tulikuwa watu saba, na mmoja wetu, konstebo kijana, alikuwa ameshikwa na malaria kali, nasi tulikuwa tukimkimbiza hospitali. Katikati ya mpando likasikika pigo chini ya sakafu, kisha la pili, na nguvu ya gari ikakatika mara moja. Dereva akakanyaga breki, gari likasimama. Akavuta breki ya mkono hadi mwisho, akazima injini, akainua mguu. Gari likaanza kurudi nyuma.

Namshukuru Mungu kwamba mguu wa kijana yule ulikuwa mwepesi. Alikanyaga tena, nasi tukaruka chini na kutia mawe nyuma ya magurudumu. Tulipochungulia tukaona propela ya nyuma imevunjika kwenye kiungo chake cha juu, na ncha yake imelala chini kama mkono uliokatika. Sajini fundi tuliyefuatana naye akasema kwamba tukiifungua yote tutaweza kuondoka polepole kwa magurudumu ya mbele. Akafungua sanduku la vifaa. Spana ya 9/16, ambayo ndiyo ya nati za propela ya gari hilo, haikuwamo. Tukamlaza mgonjwa juu ya machela, tukambeba kwa zamu muda wa saa nne hadi barabara kuu. Alipona. Walakini saa nne ni nyingi kwa mtu mwenye malaria kali, na sijapata kuzisahau.

Makala haya hayakuandikwa ili kumlaumu mtu. Yameandikwa kwa sababu magari ya zamani bado yanatumikia vikosi na vituo vyetu vya mbali, na hamu ya kuyainua ni kubwa. Na jambo lenyewe ninalotaka kulisema ni moja: mtu anapoinua gari, huwa ameihamisha propela, apende asipende. Kwa hiyo kipuri cha propela huchaguliwa chini ya gari, kwa kanda ya kupimia na daftari, kabla fundi hajaonekana dukani.

KAZI YA PROPELA

Propela ni bomba la chuma linalopeleka nguvu ya injini hadi kwenye difu. Katika gari linalovuta kwa magurudumu manne kuna gia boksi ndogo ya pili, iitwayo transfa, ambayo huigawa nguvu hiyo: propela moja huelekea nyuma, nyingine mbele. Transfa imefungwa kwenye chesisi, haipandi wala haishuki. Difu nayo imo katika ekseli, hupanda na kushuka pamoja na magurudumu kila yanapokutana na shimo au jiwe. Kwa hiyo propela, ijapokuwa ni chuma, imepewa kazi mbili ambazo chuma hakizipendi: yapasa ijipinde katika ncha zake, na yapasa irefuke na kufupika.

Kujipinda ni kazi ya krosi. Huo ni msalaba mdogo wa chuma wenye vikombe vinne vilivyojaa sindano za beringi, ukiwa umeshikwa na panda mbili ambazo mafundi huziita yoki. Kurefuka ni kazi ya meno ya kuteleza, ambapo ncha moja ya propela huingia ndani ya nyingine kama upanga katika ala yake.

Kiungo hiki si kitu kipya duniani. Kimepewa jina la Gerolamo Cardano, mtaalamu wa Italia wa karne ya 16, na tabia yake ilichunguzwa na Mwingereza Robert Hooke katika karne ya 17. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kiungo cha namna hii kwa ajili ya motokaa, na ndiyo maana jina la Spicer lingali linaonekana juu ya maboksi ya krosi hata leo.

Tabia yenyewe ni hii. Krosi ikiwa imenyooka, pande zake mbili huzunguka kwa mwendo mmoja. Ikipindwa, upande wa pili huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko, ingawa upande wa kwanza unakwenda sawasawa. Pembe ikiwa nyuzi 10, tofauti hiyo ni kama asilimia 1.5 juu na chini. Ikiwa nyuzi 20, hufika asilimia 6. Ikiwa nyuzi 30, huwa kati ya asilimia 13 na 15. Msomaji ataona kwamba pembe ikiongezeka mara mbili, madhara huongezeka kama mara nne. Huo ndio mtetemeko uliokuwa ukinong'ona chini ya gari letu wakati sisi tulipokuwa tukiyasingizia magurudumu.

Dawa ya tabia hiyo ni kutia krosi mbili, moja kila ncha, ili ya pili ifute kosa la ya kwanza. Askari aliyefundishwa kubeba machela atalielewa jambo hili upesi. Wabebaji wa mbele na wa nyuma huanza kwa miguu tofauti, mmoja wa kushoto na mwingine wa kulia, ili mruko wa mmoja uzimwe na hatua ya mwenziwe na mgonjwa asirushwerushwe. Krosi mbili nazo zina masharti yake. La kwanza, pembe zake ziwe sawa. Yaani shingo ya transfa na shingo ya difu, pale propela inapofungwa, zielekee sambamba. La pili, yoki mbili za propela yenyewe zikae katika mstari mmoja. Sharti moja likivunjwa, krosi ya pili hailifuti kosa lote, na huenda hata ikaliongeza.

KUINUA HUBADILI NINI

Tufanye hesabu ya pembetatu, ambayo kila aliyesoma ramani anaiweza. Tuchukue gari fupi ambalo kutoka krosi ya transfa hadi krosi ya difu ni sentimita 60 kwa mlalo, na difu iko chini ya transfa kwa sentimita 12. Pembe ya propela ni kama nyuzi 11. Liinue gari hilo kwa sentimita 5, nayo hufika karibu nyuzi 16. Liinue kwa sentimita 10, hufika nyuzi 20. Sasa tuchukue gari refu lenye mlalo wa sentimita 120 na tofauti ile ile ya sentimita 12. Pembe yake ilikuwa karibu nyuzi 6. Likiinuliwa sentimita 5 huwa nyuzi 8, na likiinuliwa sentimita 10 huwa nyuzi 10 na kidogo. Kimo kimoja kilichoongezwa, lakini krosi za gari fupi zinataabika kama mara nne kuliko za gari refu. Kwa hiyo mwenye Land Rover la inchi 88 asimwige mwenziwe mwenye la inchi 109, wala asinunue vipuri kwa kutazama vya jirani.

Urefu nao hubadilika. Katika gari lile fupi, sentimita 5 za kuinua huivuta propela kwa sentimita 1.2 hivi, na sentimita 10 huivuta kwa sentimita 2.7. Watu husema hiyo ni tofauti ndogo. Si ndogo hata kidogo, maana hupunguza kiasi cha meno yanayoshikana. Na gurudumu likining'inia shimoni, propela huvutwa zaidi. Upanga uliochomolewa karibu wote katika ala hauhitaji nguvu nyingi kuanguka.

Jambo la tatu husahauliwa na wengi: mwelekeo wa shingo ya difu. Anayerefusha kibanio cha springi kwa sentimita 10 hupata sentimita 5 tu za kimo, kwa kuwa springi ina ncha mbili naye ameshusha moja. Zaidi ya hayo springi yote huinama, na ekseli iliyofungwa juu yake huzunguka pamoja nayo. Shingo ya difu iliyokuwa sambamba na ya transfa sasa yaelekea kwingine, na zile pembe mbili zilizokuwa sawa zimekosana. Kwa mbele hatari ni mara mbili. Katika gari ambalo vibanio vyake vya springi za mbele viko upande wa mbele, kama Toyota Land Cruiser la mfululizo wa 40 lililoanza kutengenezwa mwaka 1960, kibanio kirefu hupunguza ule mlalo wa ekseli unaourudisha usukani katikati. Dereva huona gari likitangatanga barabarani, na asijue kwamba chanzo ni kipande cha chuma kilichonunuliwa kwa bei rahisi.

BREKI YA MKONO ISIYOSHIKA MAGURUDUMU

Hapa nawaomba madereva wote wasome polepole. Katika Land Rover za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyoko nyuma ya transfa, mahali propela ya nyuma inapoanzia. Na propela ndiyo inayoyazuia magurudumu ya nyuma yasizunguke. Propela ikivunjika au ikifunguliwa, ule mnyororo wa amri umekatika: breki imeshika, lakini haimshiki mtu. Katika gari la namna hiyo lililo katika mvuto wa magurudumu mawili, halitabaki lolote la kulizuia mlimani isipokuwa breki ya mguu. Likiwa limetiwa katika mvuto wa magurudumu manne, propela ya mbele itasaidia, mradi ni nzima.

Kwa hiyo fundi asilale chini ya gari la aina hii na kufungua propela kwa kuitegemea breki ya mkono. Anaifungua breki yenyewe kwa mikono yake! Kwanza magurudumu yatiwe kabari mbele na nyuma, mahali pawe tambarare, na gari lililoinuliwa lisimame juu ya stendi, lisitegemee jeki peke yake.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Sajini fundi wetu, baada ya gari kuvutwa hadi karakana, hakukimbilia duka. Alichukua pima maji, kipima-pembe cha shule, kanda na daftari. Nami nikakaa naye siku nzima, nikajifunza mengi ambayo sikupata kuyasikia katika chuo cha maafisa wanafunzi.

Kwanza alilipakia gari mzigo wake wa kazi: mapipa ya maji, gurudumu la akiba, na magunia ya mchanga badala ya watu. Gari tupu hudanganya, alisema, kwa sababu springi mpya huliinua zaidi, na pembe inayopimwa siyo pembe ya safarini. Kisha akapima pembe tatu: ya shingo ya transfa, ya bomba la propela, na ya shingo ya difu. Akaziandika.

Pili, akapima urefu wa propela katika hali tatu. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Kisha chesisi ikiwa imeinuliwa hata magurudumu yakaning'inia. Kisha ekseli ikiwa imesukumwa juu hadi ilipogusa mpira wake wa kuzuia. Kipimo cha kuning'inia huonyesha kama meno bado yanashikana vya kutosha. Kipimo cha kusukumwa huonyesha kama imebaki nafasi; na inafaa ibaki sentimita 2 au 3, la sivyo propela itaisukuma transfa kama nguzo na kuvunja beringi zake.

Tatu, huku magurudumu yakining'inia, akaizungusha propela kwa mkono pole pole na kutazama yoki. Hapo ndipo siri ya kilima chetu ilipofichuka. Akiwa ametia krosi nyingine kwa majaribio, alifika mahali ambapo yoki moja ilikuwa ikigusana na mwenziwe. Kila gari lilipovuka shimo, chuma kilikuwa kikipiga chuma, hadi siku kilipochoka.

KUCHAGUA KIPURI

Vipimo vikisha kupatikana, uchaguzi huwa mwepesi, kwani kila kipuri kina ugonjwa wake kinaoutibu.

Ikiwa gari ni refu na limeinuliwa sentimita 5 au pungufu, mara nyingi propela ya asili hutosha, mradi meno yanashikana na yoki hazigusani. Ikiwa kilichokosekana ni usambamba tu, dawa ni kabari nyembamba kati ya springi na ekseli, ili shingo ya difu irudi mahali pake. Kabari hizo ziwe za chuma cha pua au chuma cha kawaida. Za alumini ni laini, hupondeka na kupasuka, na zikipasuka bolti za springi hulegea.

Ikiwa kilichopungua ni urefu mdogo, yapo mabamba ya kujazia yanayotiwa kati ya flenji na flenji. Hayo yafaa kwa haja ndogo, na yanadai bolti ndefu zaidi za daraja lile lile la ugumu. Ikiwa urefu uliopungua ni mwingi, hapana budi bomba likatwe upya au ipatikane propela yenye meno marefu ya kuteleza. Kazi hiyo ni ya mkerezaji mwenye mashine, anayeweza kulinyoosha bomba na kulisawazisha uzito wake. Kumpa mchomeleaji wa milango aunganishe bomba la propela ni kuununua mtetemeko kwa fedha taslimu. Na kazi irudipo, jicho la kwanza litazame yoki mbili: zimo katika mstari mmoja, au mchomeleaji amezipishanisha?

Ikiwa pembe ya juu ni kubwa mno, kuna njia tatu. Ya kwanza ni yoki zilizotengenezwa kwa nafasi pana, zisizogusana upesi. Hizo huzuia kugongana, lakini hazipunguzi ule mwendo wa kuharakisha na kuchelewa. Ya pili ni kiungo cha krosi mbili kinachofungwa upande wa transfa. Ndani yake krosi moja humfutia mwenziwe kosa pale pale, kwa hiyo sheria ya usambamba hubadilika: shingo ya difu sasa yapasa iielekee transfa moja kwa moja, karibu katika mstari wa propela. Anayenunua kiungo hicho ghali na kuiacha difu ilivyokuwa atatetemeka kama zamani, naye atasema kipuri ni kibovu. Na kwa ekseli ya mbele, kuizungusha difu huharibu ule mlalo wa usukani niliokwisha kuutaja, kwa hiyo asifanye hivyo asiyejua kuurekebisha. Njia ya tatu ni kuishusha transfa kidogo. Hiyo hupunguza pembe, lakini hupunguza pia nafasi chini ya tumbo la gari, nayo ndiyo iliyotafutwa.

Krosi yenyewe inunuliwe kwa kipimo, wala si kwa jina la gari tu. Krosi za Land Rover zimepatikana kwa upana wa aina mbili, milimita 75 na milimita 82, ilhali vikombe vyake vyote vina kipenyo cha milimita 27. Anayepima kikombe peke yake atarudi karakana na krosi isiyoingia. Katika hesabu ya Spicer mambo ni hayo hayo: namba 1310 na 1330 zina vikombe vya kipenyo kimoja na hutofautiana upana, na namba 1350 ni nene zaidi, yenye vikombe vya milimita 30 hivi. Nene ni imara, walakini hudai yoki zake, na yoki kubwa katika pembe kali huweza kugusa mahali ambapo ndogo ilipita.

Kuna krosi zenye chuchu ya grisi na zilizofungwa kabisa. Iliyofungwa haina tundu la grisi katikati, kwa hiyo chuma chake hakikupunguzwa. Yenye chuchu hukubali grisi mpya, ambayo husukuma nje maji na tope. Kwa gari linalovuka mito na kulala matopeni, mimi naafiki kauli ya sajini wetu kwamba yenye chuchu ndiyo yetu, kwa sharti moja: ipewe grisi kila inapotoka majini, isingojee mwisho wa mwezi. Unga mwekundu ukionekana kando ya kikombe, hiyo ni kutu ya sindano zilizokauka. Krosi hiyo imekwisha, haina haja ya kubembelezwa.

Bolti na nati nazo zisidharauliwe. Land Rover za Series hutumia nyuzi za inchi na Toyota hutumia za milimita, na bolti iliyolazimishwa katika tundu isiyo yake hulegea njiani. Nati za kujifunga zitumiwe mpya. Na kabla ya kufungua flenji yoyote, alama itiwe juu ya pande zote mbili, ili propela irudi kama ilivyotoka.

Yafaa pia tukumbuke kwamba ukoo wa Land Rover hizo, ulioanza mwaka 1948, ulikoma kutengenezwa Solihull, Uingereza, mwezi Januari 2016. Vipuri bado vimejaa sokoni, lakini vinatoka kwa watengenezaji wengi wenye viwango mbalimbali. Kikombe kipite kwa mkono uliopakwa mafuta: kizunguke laini, kisicheze, na sindano zake zihesabiwe, maana moja ikikosekana zilizobaki hulala upande.

JE, KUINUA KUNAHITAJIWA?

Swali hili lingefaa kuwa la kwanza, nami nimeliweka mwisho kwa sababu ndipo tulipolikumbuka sisi. Springi ndefu huinua chesisi na bodi; hazimwinui difu hata kwa unene wa ukucha. Difu huinuliwa na gurudumu peke yake, na tena kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezwa. Gurudumu kubwa zaidi kwa sentimita 6 humpa difu sentimita 3. Kwa hiyo anayeliinua gari kwa sentimita 10 ili difu ipite juu ya tope amelipia kitu ambacho hakukipata.

Alichokipata kwa hakika ni gari refu zaidi kwenda juu. Uzito umepanda, na askari sita wanaokaa nyuma na silaha zao wameupandisha zaidi. Katika kona na katika kingo za mito gari kama hilo hupinduka upesi kuliko lilivyozoewa na dereva wake. Kamanda anayeidhinisha kazi ya kuinua gari, hata kama hajapata kushika spana, anaidhinisha pia jambo hilo.

Gari letu liliteremshwa. Sajini aliondoa vibanio virefu, akaacha sentimita 5 zilizotokana na springi peke yake, akatia magurudumu ya kadiri, akairudisha difu katika usambamba kwa kabari za chuma, akafunga propela ya nyuma yenye krosi mpya za kipimo chake. Hapakuhitajiwa kipuri chochote cha ajabu. Bei ya vyote ilikuwa ndogo kuliko ya vile tulivyovitoa. Kisha akalipeleka mlimani likiwa na mzigo, akalisimamisha kwa breki ya mkono peke yake, na sisi tukakaa kando na mawe yetu mikononi. Halikusogea.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi katika sanduku la gari lile kuna daftari dogo lililofungwa ndani ya nailoni. Ukurasa wa kwanza una pembe tatu na urefu tatu, pamoja na tarehe za kutia grisi. Ukurasa wa pili ni wa dereva, naye ameagizwa kuandika humo kila mtetemeko na kila mlio, hata ule anaoudhani ni wa magurudumu mapya. Na kando ya daftari, imefungwa kwa mnyororo mwembamba ili asiiazime mtu, iko spana ya 9/16.